Mkamwana ameikimbia nyumba ya vioo, nimrudishe vipi?

Bi Rukaiya, mshauri wetu wa gazetini,

Salamu natanguliza, ingawa leo sina moyo wa salamu ndefu, nimekasirika, na ukiona mwandiko umepinda usinicheke, kusoma na kuandika nimejifunza ngumbaru, ukubwani, na barua hii nimeiandika mwenyewe kwa sababu yaliyomo siwezi kumtamkia mtu aniandikie. Nishike mkono, mama, maana hapa Kibiti sina tena wa kumwambia, kila ninayemgeukia ananitazama kama mimi ndiye mwenye makosa.

Mimi ni mjane, nina mtoto mmoja wa kiume, Abdulazizi, na tangu wanunuzi binafsi waruhusiwe kuja kuchukua korosho huku kwetu mambo yake yamenyooka, Alhamdulillahi, akaivunja nyumba yetu ya zamani ya kiambaza cha udongo na makuti, nyumba alimozaliwa yeye mwenyewe, akajenga ya matofali ya saruji, bati juu, siling bodi ndani, madirisha ya vioo yenye fremu za mninga, sakafu unaweza ukajitazama uso, watu walikuwa wanatoka mpaka Mbwara kuja kuishangaa, nami nikasema sasa nimeheshimika, waliokuwa wananicheka na wanyamaze.

Basi akaoa, akamwoa Hafsa, binti wa huko huko Mbwara, mtoto wa watu, simsingizii, mpole, na mwaka jana wakati wa masika akajifungua salama zahanati, nikampokea nyumbani akae arobaini kama desturi yetu ilivyo. Na hapa nataka unielewe vizuri, Bi Rukaiya, mimi si mtu wa kuokotwa njiani, kazi ya kukanda wazazi nimeifanya miaka ishirini na zaidi, wazazi niliowashika siwezi kuwamaliza kuwataja, na hakuna hata mmoja aliyenifia mkononi, si mama wala mtoto. Mzazi wangu namkanda kwa maji ya moto asubuhi na jioni, anakunywa uji wa pilipili manga, chini ya kitanda anawekewa jiko la mkaa apate joto la kiuno na mgongo mpaka siku zake ziishe, na la kwanza kuliko yote, mzazi hapigwi na upepo. Upepo ndio adui wa mzazi. Mama yangu alinifundisha hivyo, naye alifundishwa na mama yake, na wewe kama ni mtu wa pwani unajua, usijifanye hujui.

Sasa ile nyumba fundi Mfaume aliiwekea matundu juu ya madirisha, matofali yale yenye vitobo, vyumba vyote, na chumba cha Hafsa kilikuwa nayo manne, mvua ikinyesha upepo unaingia mpaka pazia linacheza, siku ya pili tu nikamwita Mfaume nikamwambia ziba, akaniambia mama hayo ni ya hewa, nikamwambia hewa gani unayonieleza wewe, mlango upo, dirisha lipo, ziba, mzazi yumo ndani, akayaziba kwa saruji siku ile ile na kupiga lipu juu yake, ukipita hujui kama palikuwa na kitu. Nikafurahi. Chumba kikawa na joto zuri la mzazi.

Siku ya tatu Hafsa akaanza, mama kichwa kinagonga, mama nasikia kichefuchefu, mama miguu haina nguvu, nikamwambia wewe ni mvivu, wenzio wamezaa mapacha hawakusema hivyo, na kweli akitoka barazani asubuhi kumwotesha mtoto jua kichwa kinapona, akirudi ndani kinaanza tena, nikasema enhee, nimekujua, wewe hupendi kukaa ndani, unataka kuzurura. Siku ya saba tukafanya akika, mtoto akapewa jina, watu wakala wakashiba.

Siku ya tisa ilikuwa mchana, mvua ya kumwaga, baridi, nikalichochea jiko kule nje nikatia mkaa mpya mpaka ukaiva mwekundu wote, hauna moshi hata chembe, na hilo nataka ulishike, moshi haukuwapo, nikaliingiza uvunguni, nikafunga dirisha, nikafunga mlango, nikasukumiza na kitambaa chini ya mlango maana baridi ilikuwa inapita, Hafsa na mtoto wakalala, mimi nikaenda banda la jikoni kupika samaki. Adhana ya alasiri ndio narudi, nagonga, kimya, nafungua, Hafsa amelala mdomo wazi, namtikisa haamki, mtoto yuko kifuani pake, midomo na viganja vimeiva vyekundu, nikasema huyu kalala raha mustarehe huyu, nikamgusa. Wallahi Bi Rukaiya hapo sitaki kuandika.

Nikapiga ukelele watu wakaja, wakambeba Hafsa mpaka barazani, rasharasha za mvua zinampiga usoni, mwalimu wa madrasa anamsomea, mara akakohoa, akatapika, akafumbua macho, tukamshukuru Mungu kwamba kisomo kimemrudisha. Mtoto akazikwa kabla ya magharibi.

Watu wakauliza kumetokea nini, na mdomo wangu ukamtaja Zena. Zena ni jirani yetu ukuta kwa ukuta, hakujaliwa mtoto, na asubuhi ile alikuwa ameleta uji wa mzazi kwenye bakuli lenye kawa, nikasema ni Zena, huyu kaleta upepo, si huu wa mvua, upepo wa kutumwa, unanielewa ninachosema, na wao wakaelewa pale pale. Basi vitumbua vyake wakaacha kununua, kisimani akifika yeye wenzake wanajitwisha ndoo wanaondoka, mwisho akafunga mlango wake akaenda Nyamisati kwa kaka yake. Sikumfukuza mimi, kaondoka kwa miguu yake.

Haya, siku mbili baada ya maziko akaja nesi Yasmini wa zahanati, kasichana tu, hata kuzaa hakajazaa, kaja kutoa pole, kaingia chumbani, katazama juu, kainama katazama uvunguni, kaniuliza bibi jiko lilikuwa wapi, bibi mlango ulikuwaje, kisha kaniambia kwa sauti ya kubembeleza kama anasema na mtoto, bibi, aliyemuua mtoto ni mkaa. Nilimtimua! Nilimwambia mkaa hauna moshi, kinachoua mtu ni moshi, mimi nimepulizia kuni mpaka macho yamekuwa mekundu na sijafa, wewe umezaliwa juzi unifundishe moto? Hata maji hakunywa kwangu. Na hakukoma, siku ya kupima watoto uzito akasimama mbele ya kinamama wote akasema wenye nyumba za bati na dari wasiingize jiko la mkaa chumbani, wala matundu ya hewa wasiyazibe, jina langu hakulitaja, lakini vichwa vyote viligeuka kunitazama mimi, na siku hiyo nilikuwa nimekaa mbele kabisa. Kanivua nguo hadharani yule. Nataka nimshitaki wilayani, uniambie naanzia ofisi gani.

Sasa ndio nakuja kwenye kilichonikalia kooni. Hafsa ana mimba nyingine, mwezi wa nane huu, na wiki mbili zilizopita kafunga nguo zake kaenda kwao Mbwara, kwa mama yake, kwenye nyumba ya udongo ambayo makuti yanavuja, na kaleta ujumbe, hana haya, kasema, "Mwambieni mama, mimi sizai mtoto mwingine nikamlaze kwenye lile jeneza la vioo." Jeneza! Nyumba ya mwanangu iliyomtoa jasho miaka mitatu, leo inaitwa jeneza na mtu aliyeikuta imeshapigwa rangi! Na Abdulazizi naye kakaa katikati kama si mwanamume, kaniambia, "Mama, ukisema arudi nitakwenda kumchukua, akikataa nitamwacha. Ukisema abaki, atabaki. Utakalosema wewe ndilo." Nami nasema arudi. Chumba nimeshakifagia, mkaa nimeshaweka gunia zima. Nataka uandike hapo gazetini kwamba mke ana wajibu wa kukaa nyumba ya mumewe na kumsikiliza mama mkwe wake, nilikate hilo gazeti nimpelekee akasome.

Kuna jambo moja nalo, sijamwambia mtu, nakwambia wewe kwa sababu hunijui. Siku ile kabla sijapiga ukelele niliinama uvunguni nitoe jiko, nikamkuta paka wetu pembeni yake, alikuwa na mazoea ya kuota pale, naye amekufa. Nikamviringisha kwenye kanga, nikatokea mlango wa nyuma, nikamtupa kwenye mihogo, halafu ndio nikarudi nikapiga ukelele. Sijui kwa nini nilifanya vile. Nijibu upesi, mtoto anatarajiwa mwezi ujao.

Ni mimi Mkandaji, Kibiti.

BI RUKAIYA ANAJIBU

Mama Abdulazizi, umesema nijibu upesi, na barua nyingine zote nimezisukuma pembeni. Unataka maandishi ya kumpelekea Hafsa? Hupati. Nakupa ya kumpelekea mwanao, umsomee leo leo, kabla hujala: Hafsa abaki Mbwara. Azalie zahanati, na arobaini yake akae kwa mama yake, chini ya hayo makuti yanayovuja. Mwanao amekuachia wewe neno la mwisho, basi neno lenyewe ndilo hilo, liseme.

Pole kwa msiba. Nasema pole na ninamaanisha, maana kufungua mlango ukakuta ulichokikuta wewe simwombei hata adui yangu. Lakini nikishatoa pole nina hasira, mama, na sikufichi. Nilipofika kwenye habari ya paka niliikunja barua yako nikatoka nje, nilipata shida kurudi kuimalizia.

Umeniambia nisijifanye sijui. Nami sijifanyi. Mimi ni mtu wa pwani, arobaini zangu tatu za uzazi nimekaa juu ya jiko la mkaa na mama yangu akinikanda, na watoto wangu watatu wapo, wakubwa. Nikajiuliza kama unavyojiuliza wewe: mbona sisi hatukufa? Nikaikumbuka nyumba yetu ya wakati ule. Kiambaza kilikuwa hakifiki kwenye paa. Ukilala unaona nafasi ile juu, paka anapita juu ya ukuta kutoka chumba hiki kwenda chumba kile, na ukinong'ona chumbani kwako wifi yako anakusikia chumbani kwake. Makuti yanapumua, udongo una nyufa, mlango wa miti hauzibi hata kidogo. Ulikuwa unamwotesha mzazi moto ndani ya nyumba iliyojaa matundu, wala hukujua kwamba matundu ndiyo yaliyokuwa yanafanya kazi. Sifa zote ukajipa wewe na jiko lako!

Mwanao akajenga nyumba isiyopitisha kitu. Siling bodi juu, saruji pembeni, kioo mbele. Fundi akaacha matundu manne ili nyumba ipumue, akakueleza kwa mdomo wake kwamba ni ya hewa, ukamjibu hewa gani. Hewa hiyo hiyo, mama. Ile iliyokuwa inachezesha pazia. Umepigana na upepo ukaushinda, ukapiga na lipu juu yake.

Nimemsomea barua yako daktari mmoja hapa mjini, bila jina lako. Alinisikiliza mpaka kwenye viganja vyekundu, akainua mkono akaniambia basi, inatosha. Mkaa ukiwaka unatoa hewa ya sumu. Haina rangi, haina harufu, na haina moshi, sikia hapo, haina moshi. Mkaa ulioiva mwekundu ndio uliokudanganya, kwa kuwa macho hayakuwashi na kifua hakikubani, unakaa nayo unacheka. Inaingia kwenye damu inakalia nafasi ya hewa njema, na mwili unazimika taratibu. Kwanza kichwa kinagonga, halafu kichefuchefu, halafu miguu inaisha nguvu, halafu usingizi, na huo usingizi wengine hawaamki. Mtoto mchanga anapumua upesi upesi kuliko mtu mzima, anaivuta nyingi kwa muda mfupi. Paka vilevile, tena huyo alilala pembeni ya jiko.

Siku sita Hafsa alikuwa anakuambia. Akiwa ndani anaumwa, akitoka nje anapona, na wewe ulikiona kwa macho yako, umekiandika kwa mkono wako, ukamwita mvivu. Msichana wa watu alikuwa anakupa dawa ya ugonjwa wake mwenyewe bila kujua! Na pale barazani alipokohoa, kisomo ni kizuri, simkatazi mtu kisomo, lakini Mungu alimrudisha kwa ile hewa ya mvua uliyokuwa umemkinga nayo.

Halafu unasema hujui kwa nini ulimtupa paka. Mimi najua, na wewe unajua, ndiyo maana ukaona aibu ukaiandika mwisho kabisa, baada ya gunia la mkaa. Paka angebaki pale hakuna mtu ambaye angeikubali habari ya Zena. Mwenye husuda ana ugomvi gani na paka? Aliyekunywa uji wa Zena ni Hafsa, mbona yeye ndiye aliyepona? Mtu yeyote mwenye akili angetazama paka, angetazama mtoto, angetazama jiko katikati yao, akakugeukia wewe. Ukawahi. Tena ulimtoa paka kwanza, mama. Hafsa alikuwa bado amelala mle ndani anaivuta ile hewa, na wewe umekwenda na kanga mpaka kwenye mihogo na kurudi. Muda huo ulikuwa wake.

Sikwambii haya ili ukajitupe mtoni. Hukukusudia, na Mungu anajua hukukusudia. Siku ile ulikuwa hujui. Lakini tangu nesi alipokuambia ulikuwa umeshaambiwa, na mwaka mzima baadaye umeweka gunia jingine la mkaa kwa ajili ya mtoto wa pili. Hapo sina huruma nawe hata kidogo. Kutojua kulikwisha siku ile uliyomtimua yule binti kabla hajanywa maji.

Sasa fanya hivi. Mwite Mfaume kesho, azibue matundu yote manne, na ya vyumba vingine kama uliyagusa, na nyumba ikikosa njia ya hewa upande wa pili atoboe, hewa ipate pa kuingilia na pa kutokea. Kama unaogopa mbu atie wavu, si saruji, si gunia, si nguo kuukuu. Jiko la mkaa lisivuke kizingiti cha chumba cha kulala, awe mzazi, awe mgonjwa, uwe wewe mwenyewe na baridi yako ya masika. Usiniambie nitaacha dirisha wazi. Matundu ni ya watu kupumua, hayajawekwa kwa ajili ya mkaa. Moto ukae nje, na joto liende ndani kwa njia nyingine: maji ya kukandia, uji wa moto, kanga mbili tatu, na mtoto kifuani kwa mama yake. Mikono yako sina ugomvi nayo. Endelea kukanda, maana miaka ishirini si mchezo, na wazazi wa Kibiti watakuhitaji. Ugomvi wangu ni na jiko.

Na wewe msomaji mwingine unayesoma huku unatikisa kichwa ukimsikitikia huyu mama, chumba chako kikoje? Nyumba za bati zinaota kila siku barabarani kuanzia Kibiti mpaka Ikwiriri, kila mwenye korosho anataka dari na vioo, na hatukatazi, starehe ni zenu. Lakini wanaume mnaojenga, msikubali fundi aondoke hajaacha matundu. Mafundi, mtu akikuambia uzibe, kataa kazi hiyo! Mfaume alijua, akasema neno moja, halafu akachukua mwiko akaziba, na yeye namhesabu katika wenye makosa. Wakandaji wote wa kijiji wakae pamoja na nesi wao siku moja waelezane, kwa maana wao ndio wanaoingia vyumbani, nesi haingii. Na mkiona watu wa chumba kimoja wanaumwa kichwa wote na wakitoka nje wanapona, msitafute jina la jirani. Fungueni milango, wabebeni nje wote, kisha mbio zahanati. Kama kila nyumba ingemsikiliza yule mwenye kichwa kinachogonga, tusingezika watoto tukiwasingizia watu uchawi.

Habari ya kumshitaki nesi Yasmini, ofisi sikuonyeshi. Binti alikuja kwako faraghani kwanza, ukamfukuza, ndipo akasema hadharani, tena bila kukutaja. Kwa adabu ile wewe ungemposea mwanao. Siku ijayo ya kupima watoto nenda ukakae palepale mbele, akimaliza kusema usimame, uwaambie kinamama kwamba anasema kweli na kwamba unajua kwa sababu ni chumba chako. Neno lako wewe mkandaji litaingia katika nyumba ambazo la kwake halifiki.

Kisha Nyamisati. Humtumii mtu salamu, wala hungojei Idi. Unakwenda mwenyewe, unampigia hodi Zena, unarudi naye Kibiti, na siku ya kurudi unawaita wale wale waliosimama barazani kwako siku ya mvua. Usiwaambie mambo yalichanganyika. Usiwaambie ilikuwa kudra, tunyamaze. Waambie habari ya paka, kuanzia uvunguni mpaka kwenye mihogo. Ukimaliza, asubuhi inayofuata uwe wa kwanza kununua vitumbua vyake, na uvile pale pale watu wakikuona.

Nimebakiza moja. Majina yote yaliyomo humu gazetini nimeyabadilisha, lako, la mwanao, ya wote, ndio utaratibu wetu, hata Mkandaji ni jina nililokupa mimi. Nilikaa na kalamu nakwenda nabadilisha moja moja. Fundi umemwandika kwa jina. Jirani kwa jina, nesi kwa jina. Mjukuu wako nimemtafuta barua nzima sikuona pa kubadilisha, kila mahali ni mtoto, mtoto, hata kama ni wa kike au wa kiume hukusema. Alipewa jina siku ya saba, ulikuwepo, nyama ya akika yake umeila. Basi kabla mwezi huu haujaisha nenda Mbwara bila gunia na bila jiko, ukae mkekani mbele ya Hafsa, umtaje mwanawe kwa jina lake, halafu umwambie: niliyeziba ni mimi.